Mkuu wa Shule na Ari ya Walimu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yanayorudi kila walimu wa shule za umma za Tanzania wanapokaa pamoja, iwe kwenye semina ya kata, kwenye kikao cha chama au chini ya mwembe wakati wa chai. Mengine huulizwa na wakuu wa shule, mengine na walimu wao. Nimeyajibu kwa kuzingatia utaratibu wetu, ambako shule ya msingi ina mwalimu mkuu na sekondari ina mkuu wa shule. Pale ninaposema "mkuu" tu, nawataja wote wawili.

Mshahara hapangi mkuu, daraja hapandishi yeye, nyumba hajengi yeye. Ari ya mwalimu inamhusu nini?

Inamhusu kwa sababu karibu kila kitu kinachomfikia mwalimu kutoka serikalini kinapita mezani kwake, na karibu kila kitu kinachotoka kwa mwalimu kwenda juu kinapita hapohapo. Barua ya kuomba uhamisho inapita kwake. Ruhusa ya kwenda kumuuguza mzazi, yeye ndiye wa kwanza kuisikia. Fomu ya kwenda kusoma, madai ya nauli ya likizo, tathmini ya utendaji, jina la kwenda kusimamia mitihani, ratiba ya vipindi, zamu, hata nani apewe darasa la saba au kidato cha nne: yote hayo yana mkono wake.

Mshahara huingia mara moja kwa mwezi. Lakini mkuu, mwalimu anakutana naye kila siku saa moja na nusu asubuhi. Kwa hiyo walimu wawili wenye daraja moja, mshahara mmoja na makato yaleyale wanaweza kufanya kazi kwa mioyo tofauti kabisa, mmoja akiwa shule ya bondeni na mwingine shule ya mlimani katika kata ileile. Walimu waliohama mara mbili tatu wanalijua hili kuliko mtafiti yeyote.

Kuna ushahidi wowote, au ni maneno ya vikaoni?

Upo wa siku nyingi. Mwaka 1959 Mmarekani Frederick Herzberg alitoa matokeo ya mahojiano yake na wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh. Aliona kwamba yanayomfanya mtu aridhike na kazi si kinyume tu cha yale yanayomkera. Kuridhika kulitokana na kufanikisha jambo, kutambuliwa na kukabidhiwa jukumu. Kero zilitokana na usimamizi mbaya, sera za ofisi, mishahara na mazingira. Miaka michache baadaye, mwaka 1967, Thomas Sergiovanni aliwauliza walimu wa huko huko Marekani maswali ya aina hiyo. Walimu nao walitaja mafanikio na kutambuliwa upande wa furaha. Upande wa kero wakataja usimamizi, uendeshaji wa shule, mahusiano, na jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha ukurasa huu: kutotendewa haki.

Pittsburgh si Sumbawanga, na mwalimu wa Marekani wa wakati ule hakuwa na deni la benki linalokula nusu ya mshahara. Lakini kutotendewa haki kunauma vilevile pande zote mbili.

Kwa hiyo pesa si muhimu?

Ni muhimu sana, na kiongozi anayewaambia walimu kwamba kazi yao ni wito ili wasiulize maslahi anawakosea. Kuanzia 2016, uhakiki wa watumishi hewa na wa vyeti ulipoanza, upandishaji wa madaraja ulisimama kwa muda mrefu. Mwalimu aliyestahili kupanda alikaa palepale akisubiri. Utaratibu uliporejea, wengine walipandishwa kwa mserereko, yaani kurushwa hadi daraja ambalo wangekuwa wamelifikia, ili kufidia walichopoteza, lakini wapo waliostaafu wakiwa bado wanahesabu miaka hiyo. Kisha likaja suala la kikokotoo cha mafao ya kustaafu. Nyongeza ya kima cha chini cha mshahara wa serikali, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, ilipokelewa kwa shukrani, ila haifuti maumivu yote ya nyuma.

Kuna utafiti wa hapahapa nchini unaosaidia kuliona jambo hili vizuri. Mwaka 2013 na 2014, shirika la Twaweza liliendesha mpango wa KiuFunza katika shule za msingi za umma 350, kwenye wilaya 10. Baadhi ya shule zilipewa ruzuku ya ziada tu. Nyingine ziliahidiwa bonasi: shilingi 5,000 kwa mwalimu kwa kila mwanafunzi wa darasa la kwanza hadi la tatu aliyefaulu somo, na shilingi 1,000 kwa mwalimu mkuu. Kundi la tatu lilipata ruzuku na bonasi pamoja, na la nne halikupata chochote ili kuwe na cha kulinganisha. Ruzuku peke yake haikuinua ufaulu. Ruzuku ilipokwenda pamoja na bonasi, watoto walijifunza zaidi, tena kwa kiwango kilichozidi jumla ya athari za kila kimoja kikiwa peke yake.

Ninachokiona hapo ni kwamba vitabu visivyo na mwalimu mwenye sababu ya kuvitumia hulala kabatini, na mwalimu mwenye hamu asiye na vitabu hugonga ukuta. Mkuu ndiye anayekaa katikati ya viwili hivyo. Yeye ndiye anayeamua kama vitabu vitafunguliwa au vitafungiwa stoo visichafuke.

Ni kitu gani kinachovunja ari ya walimu haraka kuliko vyote?

Upendeleo. Hata ukali hauvunji kwa kasi hiyo, wala umaskini wa shule. Walimu wanavumilia mengi wakiona wote wanavumilia pamoja.

Chukua mambo matatu ambayo kila ofisi ya walimu inayajua.

La kwanza ni posho. Nafasi za kusimamia mitihani ya taifa, kwenda kusahihisha, kuhudhuria semina au kushiriki kazi kama sensa na uchaguzi ni chache, na zina pesa kidogo inayoonekana kubwa kwa mtu mwenye makato mengi. Majina yaleyale matatu yakitoka kila mwaka, walimu wengine hawatasema kitu kikaoni. Watapunguza mwendo tu. Mwanafunzi aliyekuwa akisaidiwa baada ya saa za kazi hataona tena msaada ule, na mkuu atashangaa ufaulu umeshuka kwa sababu gani.

La pili ni vipindi. Sekondari nyingi zina walimu wengi wa sanaa na wachache wa fizikia na hisabati. Mwalimu mmoja wa fizikia anabeba vidato vyote vinne, mwenzake wa uraia ana vipindi vichache kwa wiki, halafu zamu na kamati wanagawiwa sawa. Kugawa sawa hapo si haki. Mkuu hawezi kuzalisha mwalimu wa fizikia, lakini anaweza kumwondolea zamu, kumpa mwenzake wa kumsaidia kusimamia majaribio, na kusema mbele ya wote: "Mwalimu huyu amebeba mzigo mzito, tumsaidie." Sentensi hiyo haigharimu chochote, na mara nyingi ndiyo inayombakiza mtu asijaze maombi ya uhamisho.

La tatu ni ruhusa. Mmoja akiomba siku mbili za msiba anaulizwa maswali kumi, mwingine anaondoka Alhamisi na kurudi Jumanne bila kuulizwa. Ofisi nzima inaona. Ninachowashauri wakuu ni kuwa na daftari la ruhusa lililo wazi, na majina ya posho yaende kwa mzunguko uliobandikwa ukutani, ili hata aliyekosa mwaka huu ajue zamu yake inakuja lini.

Je, mkuu mkali ni bora kuliko mkuu mpole?

Swali hili huulizwa sana na halina faida kubwa. Wapo wakali wanaopendwa na wapo wapole wanaodharauliwa. Walimu hawaangalii sauti. Wanaangalia kama sheria inayowabana wao inambana na yeye, kama anaingia darasani kufundisha vipindi vyake, na kama akisema "tutakaa Ijumaa" watakaa kweli Ijumaa.

Inaruhusiwa kumkemea mwalimu mbele ya wanafunzi?

Hapana, na hakuna jambo nitakalolisema kwa msisitizo kuliko hili. Mwalimu anafundisha kwa heshima aliyonayo mbele ya watoto. Ukimvunjia heshima hiyo mstarini asubuhi, saa tatu ataingiaje darasani?

Nchi hii ina kumbukumbu chungu ya jambo hilo. Februari 2009, mkuu wa Wilaya ya Bukoba wa wakati huo aliagiza walimu wa shule za msingi wachapwe viboko kwa madai ya uchelewaji na matokeo mabaya. Rais Jakaya Kikwete alimwondoa katika wadhifa wake, na alistahili kuondolewa. Lakini fedheha haiishi kwa barua ya kumwondoa aliyeisababisha. Walimu wengi waliosikia habari ile wakiwa mbali kabisa na Kagera walijiona wamechapwa wao.

Mkuu wa shule hatashika fimbo. Ila anaweza kufanya jambo la jamii hiyohiyo kwa kusoma majina ya waliochelewa mbele ya wazazi, kuuliza "mwalimu wa somo hili yuko wapi?" huku darasa zima likisikiliza, au kuandika lawama kwenye kundi la WhatsApp la shule ambamo yumo afisa elimu kata. Kosa la mwalimu liongelewe ofisini, mlango ukiwa umefungwa, na likiwa zito liandikiwe barua. Sifa ndiyo itolewe hadharani.

Fedha za shule ziwekwe wazi kwa walimu wote?

Ndiyo. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji hukokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka, sehemu yake ikibaki kwa ajili ya vitabu na inayosalia ikiingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Si pesa nyingi. Shule yenye watoto mia nne ikipokea mgao wa mwezi, inatosha chaki, karatasi za majaribio na ukarabati mdogo.

Kwa sababu ni kidogo, kuificha ni kujitafutia balaa. Asiyejua kilichoingia hudhani kimeingia kingi. Walimu huanza kuhesabu suruali mpya za mkuu. Nimeona shule ambako mkuu anabandika kiasi kilichoingia na matumizi yake kwenye ubao wa ofisi ya walimu kila mwezi, na tangu alipoanza, maneno ya pembeni yalikwisha. Siku chaki zilipokosekana, walimu walijua sababu, wakakata vipande vidogo wakaendelea kufundisha. Uwazi haukuongeza hata shilingi moja pale. Ulichoondoa ni shaka, na shaka ndiyo ilikuwa inakula nguvu za watu.

Mfumo wa PEPMIS umeongeza mzigo. Mkuu afanyeje usiue ari?

PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, ilichukua nafasi ya OPRAS, utaratibu wa tathmini uliokuwepo kabla, na walimu wengi wanaiona kama kazi ya simu na mtandao isiyohusiana na ubao. Malalamiko yao yana msingi pale ambapo mtandao ni wa kupanda kichuguu kuutafuta. Hata hivyo tathmini hiyo inaingia kwenye mizani ya kupandishwa cheo, kwa hiyo si jambo la kupuuza.

Mkuu mwenye busara hufanya mambo mawili. Kwanza hukaa na walimu wasiozoea mfumo, hasa wale wazee wanaokaribia kustaafu, na kumteua kijana mmoja awasaidie bila kuwacheka. Pili, huidhinisha kazi kwa wakati na kwa haki. Mwalimu aliyefanya kazi mwaka mzima akikuta alama zake zimeshushwa bila maelezo, au kazi zake hazijaidhinishwa kwa sababu mkuu "alikuwa na majukumu", amenyang'anywa kitu halisi. Kabla ya kuweka alama ya chini, mwite mzungumze. Kama huna cha kumwonyesha, huna sababu ya kumshusha.

Nikiingia darasani kumwangalia mwalimu akifundisha, anaona namchunguza. Niache?

Usiache. Ila tazama unavyoingia.

Mwaka 2008, Viviane Robinson wa New Zealand na wenzake walikusanya tafiti nyingi za uongozi wa shule na kuzilinganisha. Walikuta kwamba uongozi unaokaa karibu na ufundishaji wenyewe, yaani mkuu anayeshughulika na mtaala, na kujifunza kwa walimu, na kinachotokea darasani, una athari kubwa mara tatu hadi nne kwa matokeo ya wanafunzi kuliko uongozi wa kuhamasisha kwa jumla. Hotuba nzuri ya mstarini inapendeza, lakini haiinui ufaulu kama mkuu anayejua kwamba kidato cha pili wamekwama kwenye hesabu za sehemu na anakaa na mwalimu wa hisabati kutafuta njia.

Tatizo la kwetu ni kwamba mwalimu amezoea kuingiliwa pale tu panapotafutwa kosa. Mthibiti ubora wa shule, yaani mkaguzi, akija, andalio la somo linatafutwa mbio. Afisa akija, madaftari yanasahihishwa usiku. Ndiyo maana mkuu akiingia, mwalimu anatetemeka. Dawa yake ni mkuu kuingia mara kwa mara, muda mfupi, akiwa ametoa taarifa kabla, na baadaye kuanza na lililomfurahisha. Bora zaidi, aanze kwa kumwalika mwalimu aje amwangalie yeye akifundisha. Mpango wa mafunzo endelevu kazini, MEWAKA, umetoa nafasi ya walimu kukutana shuleni na kujadili somo lililokuwa gumu. Shule nyingi zinaufanya kwa kujaza fomu. Ukiutumia kwa dhati, ni saa moja ambayo mwalimu anarudi kuwa msomi na kuacha kuwa mtekelezaji wa maagizo, na hakuna kinachomrudishia mwalimu hadhi yake kama hicho.

Shule yangu iko kijijini kabisa. Walimu wapya wanaripoti, baada ya mwaka wanaomba kuhama. Naweza kufanya nini?

Zaidi ya unavyodhani, na kazi yenyewe inaanza siku ya kwanza.

Fikiria kijana aliyemaliza chuo, amekulia Tabora mjini au Temeke, amepangiwa shule ambayo basi linafika mara moja kwa siku. Anashuka na begi na godoro. Posho yake ya kujikimu huenda bado inashughulikiwa halmashauri, na mshahara wa kwanza haujulikani utaingia lini. Akifika akakuta mkuu hayupo na hakuna aliyeachiwa maagizo, akalala kwa mwenyeji asiyemjua, tayari ameshaanza kuandika barua ya uhamisho kichwani. Wiki ile ya kwanza inaamua mengi kuliko mafunzo yote atakayopewa baadaye.

Mkuu anaweza kutafuta chumba kabla mgeni hajafika, kuongea na mwenye nyumba asubiri kodi, kumwombea mkopo wa unga na maharage kwenye duka la kijijini, na kumtambulisha kwa mwenyekiti wa kijiji na kamati ya shule. Anaweza kufuatilia madai yake halmashauri badala ya kumwacha apande basi mwenyewe na kukosa vipindi. Kama ni binti, suala la usalama wa makazi ni la kwanza kabisa, na mkuu asiseme "atazoea". Zipo jamii zinazojenga nyumba ya mwalimu kwa nguvu zao wakishirikishwa vizuri, na zipo ambazo hazitoi hata tofali kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaita kikaoni na kuwaonyesha mwalimu wao anaishije.

Wapo watakaoondoka hata ukifanya yote hayo. Mtu ana mchumba Arusha, ana mama mgonjwa Mtwara. Maombi ya uhamisho yenye sababu za kweli yapitishe bila kinyongo. Mwalimu anayebakizwa kwa nguvu yupo shuleni kwa jina tu, na wenzake wanaotazama wanajifunza kwamba hata wao wakipata shida mkuu hatawasaidia.

Je, walimu wenye watoto wachanga wapunguziwe kazi? Wengine wanalalamika.

Likizo ya uzazi ya siku 84 ni haki ya kisheria, na akirudi kazini mama anayenyonyesha anastahili muda wa kunyonyesha. Mkuu hafanyi hisani hapo. Jukumu lake ni kupanga ratiba ili vipindi vyake vya mwisho visogezwe mapema, na kuwaeleza wengine mapema kwamba ndivyo itakavyokuwa kwa kila atakayejifungua. Malalamiko mengi hutokea pale jambo linapofanyika kimyakimya, likaonekana ni upendeleo.

Kuna mwalimu mtoro. Nikimwacha, wengine wanavunjika moyo. Nikimbana, nitaonekana mbaya.

Usipombana ndipo utakuwa mbaya, tena kwa wale wanaofanya kazi. Hakuna kinachomchosha mwalimu mwadilifu kama kubeba vipindi vya mwenzake wiki baada ya wiki huku wote wakipokea mshahara uleule.

Ila kwanza tazama utoro wenyewe ni wa aina gani. Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2014 ulipima jambo hili katika shule zetu za msingi kwa kuzitembelea bila taarifa. Walimu wasiokuwepo shuleni kabisa walikuwa takribani 14 kati ya 100. Wasiokuwepo darasani walikuwa karibu nusu. Maana yake ni kwamba wengi walikuwa ndani ya uzio wa shule: ofisini, chini ya mti, kwenye kazi za mkuu, au wamekaa tu. Utoro wa namna hiyo hautibiwi na kitabu cha mahudhurio, kwa sababu mwalimu amesaini na yupo. Unatibiwa na mkuu anayezunguka madarasani, asiyewatoa walimu kwenye vipindi kwa vikao vya ghafla, na asiyewatuma mjini kufuata vifaa saa za masomo. Kabla hujawalaumu, hesabu ni vipindi vingapi vya wiki hii wewe mwenyewe umesababisha vikosekane.

Kwa yule anayekosekana kweli, anza kwa kuuliza. Kuna ugonjwa, kuna ulevi, kuna ndoa zinazovunjika, kuna madeni ya mtaani yanayomfanya mtu ajifiche. Anayehitaji msaada apewe msaada. Kwa asiyejirekebisha, fuata utaratibu: kuonywa, barua ya kujieleza, na kumbukumbu zote kuandikwa. Makosa mepesi yanaanzia kwa mkuu, na mazito yanafika Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2015. Kesi nyingi hushindwa kwa sababu mkuu alikasirika sana na kuandika kidogo.

Zawadi za matokeo zina maana?

Zina maana zikitolewa kwa vigezo vilivyotangazwa mapema. Shule nyingi hutoa kiasi fulani kwa kila alama A ya somo. Ni vizuri, lakini mwalimu wa kidato cha kwanza aliyewafundisha watoto hao kuelewa Kiingereza cha darasani haonekani kwenye hesabu hiyo, wala yule wa darasa la kwanza aliyewafundisha kusoma. Wakumbuke. Barua rasmi ya pongezi yenye muhuri, nakala ikiingia kwenye jalada lake, ni kitu ambacho mwalimu hukitunza miaka mingi, na mkuu anaweza kuiandika leo bila kibali cha mtu.

Na mkuu mwenyewe, nani anamjali?

Swali la haki kabisa. Mkuu anabanwa na afisa elimu kwa ufaulu, na mkurugenzi kwa ujenzi wa madarasa, na diwani kwa michango, na wazazi walioambiwa elimu ni bure, na bado ana vipindi. Posho ya madaraka imekuwa shilingi 200,000 kwa mwezi kwa mwalimu mkuu na 250,000 kwa mkuu wa shule. Wengi waliteuliwa kwa sababu walikuwa walimu wazuri darasani, wakakabidhiwa muhuri na akaunti ya benki bila kufundishwa uongozi. Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, wenye makao Bagamoyo na kampasi Mwanza na Mbeya, upo kwa kazi hiyo, na naamini kila mteule angepitia huko kabla ya kushika ofisi, walimu wengi wangeepushwa na maumivu.

Kwa sasa, mkuu mpya ajitafutie mkuu mzoefu wa kumpigia simu. Pia asimwagie walimu shinikizo lote kama lilivyotoka halmashauri. Agizo likija la ukali, kazi yake ni kulipokea, kulielewa, na kulipeleka ofisini kwa walimu kama kazi inayowezekana.

Mkuu wangu ndiye tatizo. Nifanye nini?

Anza kwa kumwona ana kwa ana, ukiwa na jambo moja mahususi. "Mkuu, mimi sijasimamia mitihani tangu nimefika hapa, naomba kujua utaratibu" ni bora kuliko "wewe una ubaguzi". Wakuu wengi hawajui wanavyoonekana, kwa kuwa hakuna anayewaambia.

Ikishindikana, tumia kikao cha walimu na uombe jambo liingie kwenye muhtasari. Hatua inayofuata ni afisa elimu kata, kisha afisa elimu wa halmashauri. Ukiona haki yako ya kiutumishi imeguswa, kama cheo, tathmini au adhabu, ofisi ya Tume ya Utumishi wa Walimu ipo ngazi ya wilaya, na chama chako cha wafanyakazi, iwe CWT au CHAKUHAWATA, kina wajibu wa kukusikiliza kwa ada unayokatwa kila mwezi. Peleka maandishi, tarehe na nakala za barua. Na wakati shauri likiendelea, vipindi vyako viingie kama kawaida na andalio la somo liwe mezani, maana hicho ndicho kitu cha kwanza watakachoulizia wakifika shuleni.